Lushoto, Mahali Bei Inapooteshwa

Basi la Arusha likipunguza mwendo pale Mombo, vijana hulikimbilia kabla halijasimama. Usiulize tarehe, tazama walichobeba. Kati ya Desemba na Februari utaona ndoo ndogo za plamsi, nyekundu inayokaribia weusi, zimefutwa vumbi hadi zinang'aa. Katikati ya mwaka ni zamu ya machungwa ya upande wa Muheza, kijani kwa nje na sukari ndani, maana chungwa la nchi ya joto hubaki kijani hata likiiva: usiku wake haupoi kiasi cha kuiondoa rangi ile. Karoti zenye majani yake, hoho na maparachichi huingia na kutoka kadiri mvua ilivyopenda. Abiria hununua kupitia dirishani, hupokea chenji gari likiwa limeshaanza kuondoka, kisha safari ya Same na Moshi huendelea.

Wengi hawageuzi shingo kulia. Huko ndiko ulikosimama ukuta wa Usambara Magharibi, na kutoka Mombo barabara ya lami ya kilometa 33 hivi hupanda kona kwa kona hadi Lushoto. Ndani ya kilometa hizo unapanda karibu mita 1,000. Nawasihi wasafiri wa njia ile washuke Mombo angalau mara moja, wapande. Watauona mlima mzuri, hilo halina ubishi. Lakini wataona pia jambo ambalo mkazi wa mjini hulilipia kila siku bila kulishuhudia: bei ya mboga ikioteshwa, ikikua, na wakati mwingine ikioza ingali shambani.

Gari dogo la Lushoto haliondoki mpaka lijae, na likijaa huongeza wawili. Chini kuna mkonge uliopangwa mistari, mashamba ya mpunga na miembe. Baada ya kona za mwanzo upepo hubadilika. Kawaida, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi, na kwenye barabara hii unaupata upungufu huo kwa muda wa kusikiliza taarifa ya habari na nyimbo chache za redio ya dereva. Unafika Soni, maji yanaporomoka kwenye mwamba kandokando ya barabara, migomba imejaa mabondeni, na abiria waliokuwa wakijipepea kwa gazeti wanaanza kutafuta sweta. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi. Ukiendelea kupita msitu wa Magamba kuelekea Lukozi na Mtae, unaingia kwenye nchi ya ukungu, ambako moshi wa jikoni hukawia juu ya paa hadi jua lipande.

Ngazi hii ya mlima ndiyo siri ya mahali hapa. Kwingine majira hufuatana kwa miezi tu. Hapa yamepangwa pia kwa urefu, na kila daraja lina mazao yake. Embe halipandi juu, na plamsi haishuki chini. Miti ya plamsi, pichi, peasi na matufaha ni watoto wa nchi za baridi: lazima ilale usingizi wa kipupwe ndipo iamke na kuchanua. Usiku wa Juni na Julai kule juu hutosha kuilaza. Ipeleke miti hiyohiyo Korogwe, itaota majani mwaka mzima ikikusubiri ukate tamaa. Ndiyo maana plamsi, tunda ambalo Dar es Salaam linauzwa kwa kuhesabiwa moja moja, huku kwenye msimu wake linapimwa kwa ndoo, na watoto wanalila njiani wakitoka shule bila kuomba ruhusa ya mtu.

Watu wa mlima huu ni Wasambaa, na utawala wao ulijulikana kabla ya mkoloni. Kimweri ye Nyumbai alitawala akiwa Vuga hadi alipofariki mwaka 1862, na sauti yake ilisikika mpaka pwani. Wajerumani walipoingia waliupenda ubaridi huu uliowakumbusha kwao, wakauita mji Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891. Katika enzi hizo za wageni ndipo mboga na matunda ya Ulaya yalipoota mizizi kwenye udongo wa Usambara. Wageni waliondoka, kabichi ikabaki, ikapewa uraia.

Kuna somo jingine kwenye miteremko ya Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo, ikawaamuru wakulima kuchimba matuta kukingama mteremko. Watu walichimba kwa kulazimishwa, wakanung'unika, wakagoma, na mwaka 1957 mpango ukafa. Leo ukisimama ukingoni mwa bonde utaona miteremko iliyokatwa ngazi kwa ngazi, na anayeitunza ni mwenye shamba mwenyewe. Anajua kuwa karoti haitaki maji yanayokimbia, na anajua karoti ina mnunuzi. Amri ilishindwa pale ambapo soko lilifanikiwa.

Mabonde ndiyo moyo wa kilimo cha mboga. Udongo wake ni mweusi, umelowa, na viwanja ni vidogo. Vingine havizidi ukubwa wa ua wa nyumba. Mifereji ya mkono inachukua maji kutoka kijito cha juu, na kila mmoja ana zamu yake: leo upande huu, kesho upande ule. Maji hayo ndiyo yanayowafanya walime hata kiangazi kikiwa kikali, wakati mahindi ya mteremkoni yamekwisha kukauka. Nilisimama kwenye bonde moja nje kidogo ya mji nikatazama kwa karibu. Tuta la kwanza lilikuwa na miche ya kabichi yenye majani manne, imefunikwa nyasi. La pili lilikuwa la kabichi zinazoanza kujikunja. La tatu zilikuwa zimefunga, ngumu, na umande umekaa kwenye mashimo ya majani. La nne lilikuwa tupu, limekwishavunwa, na mama mmoja alikuwa akilichimbua upya kwa jembe. Shamba moja, miezi mitatu yote imelala ubavu kwa ubavu.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu mwenye shamba aliyekuwa akizibua mfereji.

"Marahaba. Umetoka Dar?"

Viatu vyangu vilikuwa vimeshajibu. Nilimuuliza kwa nini hapandi lote kwa wakati mmoja, akavuna mara moja, akauza akapumzika.

"Wenzangu wanafanya hivyo," alisema. "Wanaona kabichi ina bei, wote wanapanda kabichi. Ukiiona bei nzuri, mwanangu, ujue umeshachelewa kuipanda."

Katika maneno hayo yamo mahesabu yote ya bei za msimu. Kabichi huchukua kama miezi mitatu tangu kuhamishwa kitaluni hadi kuvunwa. Bei ikipanda leo, kila mwenye kipande cha ardhi kutoka Soni hadi Lukozi anatafuta miche. Miezi mitatu baadaye zote zinakomaa wiki moja, malori hayatoshi, na bei inaanguka hadi wengine wanaona heri kuwalisha ng'ombe kuliko kulipia kibarua wa kuvuna. Waliopata hasara wanaapa kutopanda tena. Kabichi inaadimika, bei inapanda, na ngoma inaanza upya. Mzee wa matuta manne hangojei bei. Kila mwezi ana kidogo cha kuuza. Mwezi wa hasara humuumiza, lakini haumuui.

Jambo la pili linalopanga bei ni uvumilivu wa zao lenyewe. Kitunguu kilichokaushwa vizuri hukaa miezi. Kiazi mviringo kikiwekwa gizani hukaa wiki kadhaa. Kabichi iliyofunga inaweza kumsubiri mnunuzi shambani siku kadhaa, mradi isipasuke. Nyanya iliyoiva haina siku hizo: leo ni fedha, keshokutwa ni uchafu. Mnunuzi anajua hilo kama mkulima anavyojua. Ndiyo maana mwenye nyanya huwa wa kwanza kulegeza shingo kwenye mapatano, na mwenye vitunguu wa mwisho. Anayeweza kusubiri ndiye anayetaja bei.

Nyanya ina mikosi mingine pia. Masika ya Machi hadi Mei yanaleta ukungu wa majani, na shamba lililokuwa kijani Jumatatu linaweza kuwa limeungua Jumamosi. Tangu mwaka 2014 kuna pia yule nondo mdogo kutoka Amerika ya Kusini ambaye wakulima wa Tanzania walimbatiza jina la Kanitangaze. Mabuu yake hutoboa jani na tunda. Mama wa mjini anapolalamika kwamba nyanya za Aprili zina bei ya nyama, analipia dawa, matenga yaliyooza na mashamba yaliyokufa kabla ya kuvunwa.

Siku ya gulio ndiyo siku ya kuyaona yote haya yakikutana. Kabla jua halijachomoza, njia za mlimani zinajaa wanawake wenye vikapu vichwani, wanashuka kwa mstari, mkono mmoja umeshika kikapu na mwingine umeshika kandambili ili zisilowe. "Onga makeo," wanasalimiana kwa Kisambaa, nawe ukijaribu kuitikia watacheka kwa furaha na kukurekebisha. Bodaboda zinafika na magunia mawili mgongoni, dereva amekalia tangi la mafuta. Kwenye kijito kilicho jirani vijana wamepandisha suruali magotini wanaosha karoti: wanazimwaga majini, wanazikanyagakanyaga na kuzigeuza, na maji ya kahawia yanapopita, rangi ya chungwa inatokeza ghafla kama taa iliyowashwa. Karoti iliyooshwa ina bei yake. Yenye udongo ina bei nyingine, ingawa yenye udongo ndiyo hukaa zaidi.

Pembeni ya malori wamesimama madalali. Dalali hana shamba wala hana Fuso. Ana simu, na ndani ya simu kuna namba ya mtu wa Ilala, mwingine wa Mabibo, mwingine wa Tanga mjini. Saa moja asubuhi anajua ni malori mangapi ya kabichi yaliingia Dar es Salaam usiku, na habari hiyo ina thamani kuliko kabichi yenyewe. Watu humlaani, na mara nyingine anastahili. Hata hivyo mkulima mwenye magunia matatu hawezi kukodi lori, wala kulala sokoni mjini akisubiri mteja. Wengine hawangoji hata gulio: mnunuzi huja shambani, huzunguka kingo, hulinunua shamba zima kwa jicho, na vibarua wa kuvuna huwa wake.

Palepale utaiona lumbesa kwa macho yako. Gunia la viazi linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kipande cha gunia jingine juu, linajazwa tena, linafumwa kwa kamba mpaka linasimama na kilemba. Linaitwa gunia moja na linalipwa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yapimwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo hupita na kukamata. Lakini mkulima akiambiwa na mnunuzi, "Bila kilemba sichukui," na viazi viko chini, na lori linanguruma, sheria huonekana iko mbali. Kinachokatwa pale hakionekani kwenye bei iliyotajwa. Kimo ndani ya kipimo.

Mwisho wa mnyororo huo, kwa mama mwenye meza ya mbao au turubai chini, kuna ufundi wa aina yake. Mboga zake amezipanga mafungu: fungu la mia tano, fungu la elfu moja. Nilichuchumaa mbele ya mama mmoja aliyekuwa akijenga mafungu ya nyanya. Tatu chini, moja juu, kubwa zimetazama mteja, ndogo zimejificha nyuma. Akatazama upande wa malori, akasikiliza kidogo bei iliyokuwa ikisemwa kule, kisha akapita kwenye kila fungu na kuondoa nyanya moja. Bei haikubadilika. Fungu lilibaki la elfu moja, kama lilivyokuwa jana na litakavyokuwa kesho. Ndivyo bei inavyopanda katika masoko yetu: shilingi zinabaki zilezile, nyanya zinapungua. Msimu ukirudi, nyanya zitarudi moja moja juu ya fungu, na mama hatatangaza punguzo lolote. Mteja wake wa siku zote atahesabu kwa jicho na kuelewa.

Jioni malori yanaanza kushuka. Kona zilizokupandisha asubuhi sasa zinabeba tani za majani mabichi, na tandiboi amekaa juu ya turubai akiwa na koti na kofia ya sufu. Ni safari ya usiku mzima kwa mzigo, ili kabichi ifike Dar es Salaam kabla ya wachuuzi kuamka. Kila kizuizi, kila ushuru, kila pancha inaingia kwenye bei. Mvua kubwa zikinyesha, mteremko huachia udongo na mawe, barabara inafungwa na vifusi, na chakula kinakwama juu huku mji ukikitafuta. Siku kama hizo unaweza kukuta mboga imeshuka bei Lushoto na kupanda Dar es Salaam kwa wakati mmoja, kwa sababu ya kona moja iliyozibwa.

Juu ya majira ya mvua na baridi kuna msimu mwingine unaozunguka kwa mwendo wake: Ramadhani. Tanga ni mkoa wa Waislamu wengi, na miji inayolishwa na mlima huu ni hivyohivyo. Mfungo ukikaribia, viazi, matunda na viungo vya futari hutafutwa kwa pamoja, na bei hujua. Lakini mwezi huo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2024 na 2025 ulianza Machi, masika yakibisha hodi, barabara zikianza kuloa. Mwaka 2030 unatarajiwa kuanza mwanzoni mwa Januari, katikati ya msimu wa plamsi na maembe. Wafungaji wa mwaka huo watafuturu kwa matunda ambayo wenzao wa miaka mingi nyuma waliyakosa. Mkulima mwenye akili ameshaanza kupiga hesabu hizo.

Usidhani lakini kwamba Lushoto ni soko tupu. Tembea kwa miguu hadi Irente, mwendo wa saa moja na ushei kutoka mjini, na usimame ukingoni. Chini yako, karibu mita 1,000, kuna Mazinde na mistari ya mkonge, na mbele yake nyika ya Wamasai inayokwenda hadi macho yashindwe. Panda hadi Mtae, kijiji kilichokaa kwenye pua ya mlima, na siku mbingu zikiwa safi utaona tambarare za Mkomazi, milima ya Upare, na Kilimanjaro kwa mbali. Njiani utapita msitu wa Magamba, uliojaa maji ambayo hatimaye huingia kwenye ile mifereji ya mkono. Msitu huu ukikatwa, zamu ya maji itafupika, na kila fungu la elfu moja litapungukiwa nyanya.

Mgeni aende lini, basi? Anayetaka matunda aende Januari, akubali na mvua za mara kwa mara. Anayetaka baridi na anga safi aende Julai, abebe koti kweli, si kitambaa cha shingo. Masika aende mwenye moyo na mwenye nafasi ya kukwama siku mbili. Mwezi wowote, aulize kwanza gulio liko siku gani na kijiji gani, kisha apange safari kuzunguka siku hiyo. Akifika, anunue fungu hapa na fungu pale, kwa akina mama wengi, asimalize kila kitu kwa mmoja kisha akambana kwa mia mbili. Bei ya kule juu ina nafasi ndogo sana ya kubanwa. Waliombana mama huyo walishapita asubuhi na lori. Na abebe kikapu kikubwa kuliko anachodhani atakihitaji, pamoja na noti ndogo ndogo, kwa sababu saa moja asubuhi hakuna mwenye chenji ya elfu kumi Lushoto nzima.